Sahare 6.8, Tongoni 6.7: dhana potofu kuhusu alama za uamuzi

Kikundi chetu cha kukaanga samaki hapa Tanga kinatafuta pa kujenga banda: Sahare, au Tongoni kwenye barabara ya Pangani. Tulikaa mkekani, tukagawa uzito wa vigezo kwa kunyoosha mikono: kodi asilimia 50, ukaribu wa wateja 30, maji 20. Sahare ikapata 6.8 kati ya 10, Tongoni 6.7. Vigelegele vikaanza. Mimi nikaomba daftari.

Dhana: Hesabu imeshasema.
Hesabu imeturudishia tulichoipa. Kila alama kati ya 10 tuliizidisha na uzito wa kigezo chake, kisha tukajumlisha: Sahare tuliipa 5 kwa kodi, 9 kwa wateja, 8 kwa maji; Tongoni 9, 4 na 5. Toa asilimia mbili kwa wateja, uziweke kwenye kodi: Sahare inashuka hadi 6.72, Tongoni inapanda hadi 6.80. Asilimia mbili tu! Na nani kati yetu angeapa kwamba kodi ni 50, si 52? Ile 50 tuliichagua kwa sababu inatamkika vizuri.

Nikajaribu upande mwingine, nikawa nawapunguzia wateja na kuongeza maji. Hapo Sahare iling'ang'ania mbele mpaka vigezo hivyo viwili vilipofika 25 kwa 25, ndipo wakatoka sare.

Dhana: Usipojipinga, uamuzi wako ni imara.
Hapa hata wasomi huteleza. Mbinu aliyoibuni Thomas Saaty wa Marekani miaka ya 1970 hulinganisha vigezo viwili viwili kwa mizani ya 1 hadi 9, na kipimo chake cha kujipinga hutakiwa kisizidi 0.10. Ukisema kodi ni mara 2 ya wateja, na wateja mara 3 ya maji, basi kodi iwe mara 6 ya maji. Kinakagua hilo tu. Mtu anaweza kukosea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujipinga hata mara moja.

Dhana: Chaguo la tatu haliwagusi wawili wa mwanzo.
Kwa mbinu hiyo linaweza kuwagusa. Mwaka 1983 watafiti Belton na Gear walionyesha kwamba ukiongeza nakala ya chaguo lililopo, aliyekuwa wa kwanza anaweza kupitwa.

Dhana: Matokeo yakigeuka, tutupe hesabu tupige kura.
Kura ndiyo iliyotuletea 50. Kugeuka kule kumetuonyesha kwamba ugomvi wote uko kwenye kodi. Na kodi ya Sahare, kumbe, hakuna aliyemwuliza mwenye eneo. Tuliisikia kwa dereva wa bodaboda. Mweka hazina wetu anakwenda kesho asubuhi.