Mionzi Ndani ya Thieta: Kujua Sasa, Si Mwezi Ujao

Mtu aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda akifikishwa katika hospitali kubwa za Nakuru, Kisumu au Kakamega, mara nyingi huwekewa chuma ndani ya mfupa. Ili kukipitisha sawasawa, daktari hutumia eksirei inayoonyesha picha kwenye skrini operesheni ikiendelea. Mgonjwa hulala kwenye meza hiyo mara moja, pengine mbili, maishani. (Na akitoka hapo habebi mionzi yoyote: mashine ikizimwa, eksirei imekwisha.) Lakini daktari, muuguzi na mtaalamu wa nusukaputi hurudi pale wiki baada ya wiki.

Mionzi mingi inayowafikia hutoka kwa mgonjwa. Ikigonga mwili wake, hutawanyika pande zote. Haina harufu wala haiumi, ndiyo maana kila anayefanya kazi hapo hutakiwa kuvaa beji. Ndani ya beji mna kipande cha madini, mara nyingi floridi ya lithiamu, kinachohifadhi nishati ya mionzi. Maabara hukipasha moto, kikatoa mwanga, na mwanga huo ndio unaopimwa. Ni kumbukumbu ya kuaminika, ila husomwa baada ya mwezi mmoja au hata mitatu. Majibu yakionyesha kwamba muuguzi amepata mionzi mingi, nani atakumbuka ilikuwa operesheni ipi, na alisimama wapi?

Dozimita ya elektroniki, yaani kipima mionzi kinachovaliwa mwilini, hujibu hapo hapo. Hubandikwa kifuani, huonyesha tarakimu na kulia kengele kiwango kikipanda. Nyingine hutuma vipimo kwenye skrini ukutani, kila mtu akaona chake wakati mashine inawaka.

Faida yake iko miguuni. Ukisogea kutoka nusu mita hadi mita moja mbali na mgonjwa, mionzi hushuka hadi karibu robo. Mashine ikilazwa kupiga picha ya ubavuni, mtawanyiko huwa mkali zaidi upande wa bomba linalotoa mionzi; anayehamia upande wa pili hupona sehemu kubwa yake bila kugharimika chochote. Haya hufundishwa darasani, lakini anayeona tarakimu ikishuka kwa hatua yake mwenyewe hasahau. Kwa maoni yangu, anayenufaika zaidi si daktari bingwa. Ni muuguzi anayempa vyombo na mwanafunzi aliyesimama nyuma yake, ambao hakuna aliyewaambia wasogee.

Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inapendekeza mfanyakazi asizidi wastani wa milisiveti (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na asipite 50 katika mwaka wowote. Mwaka 2011 ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kutoka 150 hadi wastani huo huo wa 20, baada ya kubainika kwamba mtoto wa jicho huweza kuletwa na kiwango kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Aproni ya madini ya risasi, inayovaliwa kuzuia mionzi, haifuniki macho, kwa hiyo miwani ya kinga si anasa.

Dozimita ya elektroniki haichukui nafasi ya beji. Baadhi ya aina husoma pungufu mionzi inapotoka kwa mapigo mafupi, kama zinavyofanya mashine nyingi za thieta. Hospitali iulize hilo kabla ya kununua, na kifaa kipelekwe kusahihishwa kwa ratiba. Wala kisitumike kumwadhibu mtu. Mfanyakazi anayeogopa kuondolewa kazini huacha beji kwenye droo, na hapo hatuna kipimo tena.

Mjamzito yuko katika hali ya pekee. Akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni hapaswi kuzidi takriban milisiveti 1 kwa muda uliobaki wa ujauzito. Kwake, mwezi mzima wa kusubiri majibu ni mrefu mno. Hospitali yenye fedha za dozimita moja tu ianze naye, aivae tumboni, chini ya aproni.