Volti kubwa haifukuzi kelele

Simu nyingine tena: sensa (kihisio cha mashine) inajiwasha kila mota inapoanza, na mteja anataka ang'oe ya volti 24 DC aweke ya 230 AC, "iwe na nguvu ya kushinda kelele", yaani umeme wa vurugu unaoingia kwenye waya. Nimechoka na hoja hii, hasa kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kutoka volti 5 kwenda 24 unafaidika: ingizo la kawaida la PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine) huhesabu chini ya volti 5 kuwa limezimika na juu ya 15 kuwa limewaka, kwa hiyo kelele ya volti mbili tatu haikusumbui. Kwenye saketi ya volti 5, volti mbili tatu hizo hizo zinatosha kukudanganya.

Ukipanda hadi 230 AC, umeingiza kelele ndani ya kebo yenyewe. Waya wa laini (ule wenye 230) unalala bega kwa bega na waya wa ishara, na nyaya mbili zikilala hivyo zinakuwa kama kapasita. Tuchukue pikofaradi 100 kwa mita: kwa mita 200, kwenye hezi 50, karibu miliampia 1.4 zinavuka bila waya kugusana. Ingizo jepesi, linalohitaji mkondo mdogo tu, linaweza kugoma kuzimika hata sensa ikiwa imekata saketi. DC iliyotulia haivuki hivyo.

Mimi huuliza kwanza: koili ya kontakta (swichi kubwa ya kuwasha mota) ina kizima-cheche, kifaa cha kumeza mshtuko wa umeme koili inapozimwa? Nyingi hazina. Koili ya DC itie dayodi, ya AC itie kapasita na rezista. Kebo ya inverta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) itenge na ya sensa, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba. Halafu ndipo tuzungumze volti.

Mteja hujibu: "Lakini 24 inapungua njiani." Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, mita 100 kwenda na 100 kurudi, ni kama omu 7. Sensa ikila miliampia 20 unapoteza volti 0.14. Sensa nyingi zinafanya kazi kuanzia volti 10!

Mwingine husema: "24 haina madhara." Haikupigi shoti ukiwa mkavu, kama pawasaplai yake imetengwa kikamilifu na umeme mkuu. Isipotengwa, waya wako wa sifuri unaweza kuwa na 230 dhidi ya ardhi. Na pawasaplai ya ampia 10 inaweza kuchemsha pete kidoleni, kwa hiyo vua pete, na kila tawi liwe na fyuzi yake.

Kwa sensa zinazotuma vipimo umbali mrefu, achana na ishara ya volti 0 hadi 10. Tumia miliampia 4 hadi 20: kipimo cha chini kabisa ni 4, kwa hiyo waya ukikatika unasoma sifuri, na unajua papo hapo.