Kinga ya radi shuleni: maana yake ni nini hasa?

Tumezoea kusema mtoto akichanjwa ana kinga, yaani ugonjwa haumpati. Kwa mazoea hayo, wajumbe wengi wa kamati za shule wakisikia "kinga ya radi" hudhani ni kifaa cha kuifukuza radi isipige pale. Kifaa cha namna hiyo hakipo. Kinga ya radi ni njia. Ni mfumo wa vyuma unaoipokea radi juu ya paa, ukaishusha nje ya ukuta na kuizamisha ardhini, bila kupitia mwilini mwa mtu. Radi ikitaka kupiga itapiga, na kazi yetu ni kuichagulia pa kupita.

Umeme wa mawinguni na umeme wa TANESCO tunauita kwa jina moja, na kweli ni kitu kimoja. Kinachotofautiana ni wingi. Taa za darasa zima hutumia ampea chache tu, ilhali radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna sakiti breka ya kuizima.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuambiwa. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Usiku mawingu ya radi hujikusanya juu ya maji, na mchana hadi jioni hujikusanya juu ya nchi kavu, saa ambazo watoto wako shuleni. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Wale wa Businda walikuwa darasani wakati mvua inanyesha. Walikuwa ndani, mahali tunapowaambia watoto wakimbilie.

Ndani kwenyewe kuna usalama wa aina mbili. Jengo lenye nguzo za zege na nondo, mabomba ya chuma na nyaya za umeme ukutani lina vyuma vingi vinavyotoka juu hadi chini, na radi ikilipiga hupata pa kushukia. Darasa letu la kawaida ni kuta za tofali, kenchi za mbao na bati juu. Radi ikitua kwenye bati inakuta njia imekatika: chini ya bati kuna mbao, chini ya mbao kuna tofali kavu. Itaruka kwenda kwenye chochote kinachopitisha umeme kwa urahisi zaidi, na mwili wa binadamu, wenye maji na chumvi, unapitisha vizuri kuliko tofali.

Kuna njia ya pili ya radi kumfikia mtu, ambayo watu wengi hawaijui. Radi ikifika ardhini haiishii pale, husambaa kama maji yaliyomwagwa, ikipungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali. Kwa hiyo mguu wako wa kushoto na wa kulia huwa juu ya volti zisizolingana, na umeme hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe hufa wengi kwa pigo moja kwa sababu hiyo, maana miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana mbali. Mtoto aliyekaa kwenye sakafu ya udongo, mikono chini na miguu ameinyoosha, yuko katika hatari ya namna hiyo hiyo.

Kiwango cha kimataifa kinachotumika ni IEC 62305. Kinahesabu mfumo mzima, kuanzia chuma cha kupokea juu, nyaya za kushusha, na fimbo za ardhini, hadi kuunganisha pamoja vyuma vyote vya jengo. Bati linaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kupokea, ila bati la chuma linatakiwa liwe na unene usiopungua milimita 0.5. Geji 28 ina takriban milimita 0.4, na geji 30, ambayo shule nyingi hununua kwa sababu ya bei, ni nyembamba zaidi. Nyaya za kushusha zisipungue mbili, zikae pembe tofauti za jengo, kila moja ikikatwa, uso wa mkato wake uwe na eneo la milimita 50 za mraba. Chini, fimbo izame mita mbili na nusu au zaidi, na ukipima kwa mashine ukinzani wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita, upate omu 10 au chini ya hapo. Udongo wa kichanga au wa mawe utakulazimisha kupigilia fimbo kadhaa na kuziunganisha.

Niliwahi kuitwa kwenye shule moja ambako niliambiwa kinga ipo tayari. Juu palikuwa na fimbo nzuri yenye ncha tatu, inang'aa. Nikashuka na waya wake hadi chini, nikaushika na kuuvuta kidogo, ukatoka wote mkononi. Mwisho wake ulikuwa umefukiwa mchangani kama shubiri mbili, bila fimbo ya ardhini. Mahali penyewe palikuwa hatua moja kutoka mlango wa darasa la pili, pembeni ya ndoo ya maji ya kunywa. Bora shule hiyo isingekuwa na kitu, angalau wasingejiamini.

Na athi ya umeme wa TANESCO, yaani waya wake wa ardhini, je? Hiyo ni kazi nyingine. Athi iliyofungwa kwa ajili ya mita na soketi imewekwa ili waya ukigusa chuma mahali fulani, breka izime. Haiwezi kusimama badala ya kinga ya radi, lakini lazima iunganishwe nayo ardhini. Zikiachwa bila kuunganishwa, radi itapandisha volti upande mmoja na kuruka kwenda upande wa pili, mara nyingi kupitia soketi na kompyuta. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na asiondoke kabla hajakuonyesha kipimo.

Nyumbani kwetu mvua ikianza mama alifunika vioo na kutukataza nguo nyekundu. Simlaumu, alikuwa anatulinda kwa alichokuwa nacho. Ila kioo hakiiti radi, na shuka juu ya kioo haliipunguzi.

Shaba huibwa. Shule nyingi zimeamka asubuhi waya umekatwa na kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chuma kilichopakwa zinki kinakubalika kwenye kiwango na hakina soko kubwa, kwa hiyo kwa shule isiyo na uzio mimi ningeanza nacho. Waya ushuke nyuma ya jengo, mbali na milango na kibaraza. Pale unapoingia ardhini zungushia mita tatu za kokoto zenye kina cha sentimita 15, maana kokoto kavu hupunguza sana umeme unaopanda miguuni. Kengele ya mapumziko isiwe pale, wala bomba la maji, wala mti wa kivuli ambao watoto hukaa chini yake.