Theluji ya Kibo si ya kijivu

Wengi huamini kwamba theluji inang'aa mno, hivyo upunguze mwanga unapoipiga picha. Ni kinyume chake. Kipima mwanga cha kamera hakijui weupe. Kikijazwa theluji tupu huichukulia kuwa kijivu cha wastani. Ndiyo maana Kibo (kilele cha Kilimanjaro) ya jua kali, katika albamu ya nyumbani Dar es Salaam, hukumbukwa kama ya siku ya mawingu. Kipimo kikisema 1/500 ya sekunde, piga 1/125, mwanga uingie mara nne, tundu la lenzi libaki vilevile. Ukizidisha hapo, alama za nyayo hufutika. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, kichujio cha njano hukoleza vivuli, maana vina ubuluu wa anga. Mazoezi? Kanzu nyeupe juani, ijaze fremu nzima. Ikitoka rangi ya majivu, ongeza mwanga, piga tena.