Damu iliyoganda kwenye aota sio kiraka

Siku hizi kitengo chetu cha mishipa kinapokea malalamiko ya aina moja, mtu kasoma ripoti ya siti skani kakuta kuna damu iliyoganda ndani ya uvimbe wa aota ya tumboni, yaani sehemu iliyotanuka ya mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, basi mmoja anauliza mbona hajapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, mwingine kaambiwa na jirani kwamba hilo bonge limeshaziba, mshipa haupasuki tena, kwa hiyo kliniki haji.

Tunaelewa hofu yenu ila hapana. Bonge hilo tunalikuta kwenye uvimbe mwingi, maana damu ikifika palipotanuka inazunguka na kupoteza mwendo, inagandia ukutani tabaka juu ya tabaka. Kweli linaupunguzia ukuta mzigo kidogo, lakini ukuta ulio nyuma yake unakosa oksijeni, na seli nyeupe za damu zilizomo zinatoa vimeng'enya, kemikali zinazovunjavunja vitu mwilini, vinavyokula nyuzi za mshipa, halafu presha inapenya humo humo. Kiraka gani hicho? Na damu mbichi ikianza kuingia ndani ya bonge, kwenye picha inaonekana kama mwezi mwandamo, hapo tunahofia mshipa unakaribia kupasuka.

Dawa za kuzuia damu kuganda nazo, bonge peke yake sio sababu ya kuandikiwa. Kama unazitumia kwa ajili ya moyo usiziache, na kama huna usijinunulie.

Sasa vipimo, hapa ndipo ubishi ulipo. Tunapima upana wa aota, ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, bonge likiwemo, kwa hiyo usituambie njia ya damu ni sentimita 2 tu. Kuanzia sentimita 3 tunauita uvimbe. Uingereza kwa mfano, wenye 3 hadi 4.4 wanapigwa ultrasaundi kila mwaka, 4.5 hadi 5.4 kila miezi 3. Kwa kawaida upasuaji unajadiliwa ukifika 5.5 kwa mwanaume, 5 kwa mwanamke, au ukikua zaidi ya sentimita 1 ndani ya mwaka. Ukiruka tarehe hatuwezi kujua umekua kwa kasi gani, na majibu ya zamani njoo nayo tafadhali. Sigara acha leo.

Maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni, na jasho baridi au kuzirai, usisubiri kliniki, nenda emajensi saa hiyo hiyo na useme una uvimbe wa aota, maana wengine wanadhaniwa wana mawe kwenye figo.