Je, wajua kwa nini bangi ilikatazwa Kongo kabla ya kujulikana inafanya nini kichwani?

Jumapili jioni, mtaani kwetu Katuba, Lubumbashi. Umeme umekwenda, tumetoa viti nje, na mdogo wangu ametoka machimboni upande wa Likasi na vumbi bado liko masikioni. Yeye ni creuseur, mmoja wa wale vijana wanaoshuka shimoni kwa kamba kutafuta madini kwa mikono. Katika mazungumzo akaniuliza: "Yaya, mu Kanada batu banavuta bangi mbele ya polisi. Siye tunafungwa. Juu ya nini? Ile ni majani tu, Mungu njo aliotesha."

La Mungu nilimjibu palepale. Hata muhogo mchungu Mungu ndiye aliyeuotesha, lakini ule bila kuloweka uone. Ile "juu ya nini" ndiyo iliyonishinda, maana nilidhani jibu ni afya: madaktari waliona bangi inaharibu watu, serikali ikaikataza. Kumbe sivyo.

Marufuku ya bangi katika nchi yetu ni ya mwaka 1903. Wakati huo hata koloni la Wabelgiji halijaanza. Nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, na ilibaki mikononi mwake hadi 1908. Sasa weka tarehe nyingine kando yake: kitu kilichomo ndani ya bangi kinacholewesha, kile kiitwacho THC, kilitambuliwa vizuri mwaka 1964, na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni kule Israeli. Toka 1903 hadi 1964 ni miaka 61. Watu walikamatwa kwa miaka 61 kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyejua ni nini.

Basi kilichowasumbua wakubwa wa wakati ule ni kitu gani? Tazama nani alikatazwa kabla yetu na wapi. Mwaka 1830 halmashauri ya mji wa Rio de Janeiro, Brazili, ilitoa amri kwamba muuzaji wa bangi alipe faini, na mtumwa atakayeivuta afungwe siku tatu. Mwaka 1870 koloni la Natal, Afrika Kusini ya leo, liliwakataza wafanyakazi wa Kihindi waliokuwa mashambani kwa mkataba. Mtumwa, kibarua, halafu sisi. Lalamiko la mabwana mara nyingi lilikuwa moja: mtu akivuta, kazi haiendi na amri haisikii. Mapafu yake hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Kwa upande wetu kuna kisa ambacho watu wenye asili ya Kasai, nao ni wengi hapa Lubumbashi tangu enzi za migodi ya Wabelgiji, huenda walikisikia kwa wazee. Katika miaka ya 1870 na 1880, kando ya mto Lulua, chifu Kalamba Mukenge aliunganisha vijiji vilivyokuwa vikipigana kwa kuvifanya kundi moja lililojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Hirizi za vita zilichomwa, silaha zikaachwa nje ya kijiji, na watu wakaketi kuvuta pamoja kwa kibuyu kikubwa. Mjerumani Hermann Wissmann aliwakuta mwaka 1881 na akaandika alichokiona. Neno riamba, au diamba kama wengi wanavyolitamka, ndilo lile lile lililovuka bahari na watumwa wa upande wa Angola likafika Brazili. Bangi yetu sisi Waswahili ilitoka upande mwingine, Uhindi na Uajemi, ambako waliita bhang. Kwa hiyo mmea mmoja umetuingilia kwa milango miwili na majina mawili.

Kuna kitu kimoja cha Bena Riamba kisichosahaulika kwangu. Mtu aliyekosa, aliyeiba kwa mfano, adhabu yake ilikuwa kuvutishwa bangi, kibuyu juu ya kibuyu, mbele ya wakubwa, mpaka apoteze fahamu. Yaani wale walioiheshimu kuliko mtu yeyote katika historia ya nchi hii ndio waliojua vizuri kwamba ikizidi ni mateso.

Sasa tuingie kichwani.

Mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana kazi na THC. Kiligunduliwa mwaka 1992, kikaitwa anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya raha kuu. Kazi yake ni kama ya mtu wa kupunguza sauti ya redio: mshipa mmoja wa fahamu ukipiga kelele sana, anandamidi inarudi nyuma kuuambia upunguze. Inatoka kidogo, mahali panapohitajika, halafu inavunjwa mara moja. THC inaingia kwenye tundu zile zile za ufunguo, vipokezi vinavyoitwa CB1, ila yenyewe inaingia kila mahali kwa pamoja na haitoki haraka. Sauti zote zinapunguzwa, zile za kelele na zile ulizokuwa unazihitaji.

Mdogo wangu aliniambia wenzake huvuta kabla ya kushuka ili woga uishe. Ni kweli woga unaweza kwisha, kwa sababu sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari ina vipokezi hivyo tele. (Kwa wengine, hasa wakivuta nyingi au mara ya kwanza, kengele hiyo hiyo ndiyo inayolia mpaka mtu anadhani anakufa.) Lakini sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya nayo inavyo tele. Mtu anaambiwa na aliyetoka shimoni kwamba gogo la tatu limelegea, anaitikia vizuri kabisa, na akifika gogo la tatu maneno hayo hayapo. Ubongo mdogo wa nyuma, unaopima hatua na mkono ushike wapi, unavyo pia. Na muda wenyewe unavutika: dakika tano zinaonekana kama robo saa, kwa hiyo aliyeko chini hawezi kukadiria amekaa muda gani kwenye hewa nzito. Woga alioutoa ndio uliokuwa ukimlinda. Dereva wa moto, yaani pikipiki, anayevuta asubuhi pale stendi yuko katika hesabu hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye amembeba mtu.

Njaa ya ghafla, ile inayomfanya mtu amalize bukari, yaani ugali, ya nyumba nzima, ni vipokezi hivyo hivyo katika sehemu inayosimamia hamu ya kula. Macho mekundu ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Moyo kwenda mbio ni kweli, na kwa mzee mwenye shinikizo la damu si jambo la kuchezea.

Kuna mahali ambapo vipokezi hivi ni vichache sana: shina la ubongo, panaposimamiwa kupumua. Ndiyo maana bangi peke yake haimzimi mtu pumzi kama heroini inavyofanya, wala kama lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Hili lazima lisemwe wazi, maana vijana wakitishwa kwa uongo kwamba msokoto mmoja unaua, siku wakigundua si kweli hawatasikia tena hata lile la kweli. Lutuku tunayoiuza mlangoni kwa chupa ya plastiki imezika watu wengi tunaowafahamu kwa majina. Nani amefungwa kwa lutuku?

La kweli lenyewe ni hili, na linahusu umri zaidi ya kitu kingine chochote. Ubongo wa mtu unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, na anandamidi ni mmojawapo wa mafundi wa ujenzi huo. Ukimwaga THC kila siku juu ya ujenzi ukiwa na miaka 14 ni kama kuwapa mafundi amri kumi kwa wakati mmoja. Mwaka 1987 watafiti wa Uswidi walichapisha hesabu ya vijana zaidi ya 45,000 waliofuatiliwa kwa miaka 15 tangu walipoitwa jeshini. Waliosema wameshavuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuona wasioonekana, mara sita zaidi ya wasiovuta. Hesabu ilipopigwa upya kwa kuzingatia matatizo waliyokuwa nayo tangu mwanzo, tofauti ilipungua, lakini haikuisha. Wengi wanaovuta hawapatwi na ugonjwa huo. Ila nyumba ambayo tayari ina mgonjwa wa akili, shangazi au babu, kijana wake anacheza na kiberiti karibu na petroli. Hapa kwetu mgonjwa kama huyo mara nyingi hupelekwa kwenye maombi kwanza, akaja hospitalini baada ya miezi, na hakuna aliyemuuliza anavuta nini.

Utumwa wa bangi upo pia, ingawa wavutaji huapa haupo. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na madaktari, karibu mmoja kati ya 10 wanaoijaribu anaishia kushindwa kuiacha, na kwa walioanza wakiwa vijana inakuwa mmoja kati ya sita. Na bangi yenyewe inabadilika. Ile iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC karibu asilimia 4. Kufikia 2014 ilikuwa karibu asilimia 12, kwa sababu wakulima walichagua mbegu kali. Anayesema "babu yangu alivuta mpaka miaka 80" anazungumzia bangi nyingine.

Moshi sina haja ya kuueleza sana: ni moshi, una lami na sumu kama wa sigara, na mvutaji wa bangi huushikilia kifuani zaidi. Mama mjamzito asiuguse, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Na dawa? Ipo, ila si ile ya kwenye gazeti lililosokotwa. Ndani ya bangi kuna kitu kingine, CBD, kisicholewesha. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa nacho kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Dawa za THC hutolewa pia kuzuia kutapika kwa wanaotibiwa saratani. Zinapimwa kwa miligramu. Mtu anayekuambia bangi inatibu malaria anakuuzia bangi.

Basi iruhusiwe? Dunia imeanza kujibu, kila mmoja kwa njia yake. Uruguay iliruhusu 2013, Kanada 2018, Ujerumani 2024 kwa masharti. Afrika Kusini, mahakama ya katiba ilisema mwaka 2018 kwamba mtu mzima anayevuta nyumbani kwake si mhalifu. Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha dawa mwaka 2017. Na hapa jirani, ukivuka Kasumbalesa tu, Zambia ina sheria tangu 2021 ya kulima kwa leseni kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Msomaji asikosee: mwenye leseni ni kampuni yenye uzio na walinzi. Kijana wa Chililabombwe akikutwa na msokoto bado ana kesi.

Mimi msimamo wangu nimeutoa kwa mdogo wangu bila kuficha. Kumfunga mtu mzima kwa msokoto ni upuuzi. Haumponyi, na tunajua anavyotoka: familia inachanga, pesa inabadilisha mikono, kesi inapotea, na kesho anakamatwa mwingine. Marufuku ya bangi imekuwa shamba la watu fulani. Lakini duka la bangi kama la Kanada sitaki kuliona hapa leo, kwa sababu kule muuzaji anaomba kitambulisho na asipoomba anafunga duka. Hapa mtoto wa miaka 12 anatumwa lutuku na baba yake, analeta, na njiani ameshaonja. Kama hatujaweza kulinda umri kwa chupa, kwa bangi tutalinda kwa nini? Tuwaondoe wavutaji gerezani kwanza, tuone kama tunaweza kumzuia mtoto mmoja asiuziwe lutuku, halafu turudi kwenye mazungumzo ya duka.

Mdogo wangu hakufurahi. Alisema nimekula pande zote mbili. Nikamuuliza swali moja: mkishuka, nani anabaki juu anashika kamba, na yeye huwa anavuta?

"Ule wa kamba?" Alinitazama kama nimemtukana. "Ule hatumuachie avute. Akivuta, tunamufukuza."