Kukosa risiti siyo kula pesa

Juzi tena, kwa harusi ya binamu yangu Kitale, mzee mmoja wa heshima zake akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mhasibu, nafuatilia pesa za vikundi vya wakimbizi na vya akina mama wa Kiturkana pale Kakuma na Kalobeyei, makazi ya wakimbizi kule Turkana, na vikundi vyenyewe ndo vinapanga mradi na kushika pesa. Mzee akaweka sahani chini. "Mnawapa mkononi? Si watakula zote!"

Hii kitu nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kanisani, na kwa mikutano ya wafadhili naisikia kwa lugha ya adabu, huko wanasema "hawana uwezo". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, wacha niandike.

Kwanza hao watu wanashika pesa kila siku. Kambi ya Kakuma iko tangu 1992, kuna waliozaliwa hapo na sahii wana watoto wao hapo hapo. IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, walitoa ripoti mwaka 2018 wakahesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini. Bamba Chakula, ile pesa ya chakula ya kwa simu, ilianza 2015. Mama anayelisha watoto sita na pesa ya mwezi ya namna hiyo ananishinda bajeti mimi niliyeisomea. Hapo sikai sana.

Nataka kukaa kwa risiti.

Iko hivi. Kikundi kinapata ruzuku, tuseme ya chekechea: ua, uji, posho kidogo ya walezi. Kuni wananunua kwa mama wa Kiturkana aliyezibeba kichwani kutoka mbali, maji mfereji ukikauka yanakuja na mtu wa mkokoteni, mabati yanapanda bodaboda kutoka Kakuma 1, sehemu moja ya kambi, mpaka Kalobeyei. Niambie hapo ni nani atakupa risiti ya eTIMS, ile ya elektroniki ya mamlaka ya kodi. Sasa mwisho wa robo mwaka vocha, zile karatasi za matumizi, zinakuja ofisini, mkaguzi anaandika "matumizi yasiyo na ushahidi", hiyo sentensi inaingia kwa ripoti, ripoti inaingia kwa mkutano, na ikitoka kwa mkutano imeshakuwa "pesa zimeliwa", na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyefika kwa hilo jiko akaona sufuria ya uji. Hayo ni mambo mawili! Kukosa karatasi ni jambo moja, wizi ni jambo lingine kabisa, na unaweza kuiba vizuri sana ukiwa na karatasi. Nimeshika risiti safi, muhuri upo, namba ya PIN ya kodi ipo, za mabati ambayo hayakuwahi kufika popote. Na hizo hazikutoka kwa kikundi, zilitoka kwa ofisi yenye watu wa digrii kama mimi.

Na vikundi vina ulinzi wao, tena mkali. Sanduku la chama cha akiba lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wanachama wakae. Pesa inahesabiwa kwa sauti kila mtu akiona. Wasiojua kusoma wanakariri salio, kikao kijacho mtu anaulizwa tuliacha ngapi, akikosea anarekebishwa hapo hapo. Huu utaratibu shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991 na akina mama wasio na benki, ukasambaa. Niliwahi kumuuliza mwenyekiti mmoja, mama wa kutoka Kivu, kama haogopi mtu kuchukua. Akaniangalia kwanza. "Mwanangu, nikila unga wa jirani nitalala wapi?" Hilo jibu lina nguvu kuliko fomu zangu zote, manake mimi nikiiba naweza kuhama mji nikaanza upya, yeye hata kutoka kambini lazima aombe kibali.

Sasa, wapo wanaokula, siwezi kuwadanganya. Nimeona orodha ya walengwa, nikauliza uliza, nikakuta nusu ni ndugu za kamati. Tulisimamisha huo mradi. Lakini nikihesabu kilichonipotezea usingizi miaka hii, cha kwanza ni ndege. Jina la mweka hazina linatoka kwa wanaohamishiwa Kanada, wiki chache ameondoka na watoto, kila mtu analia kwa furaha, na benki bado inataka sahihi yake. Pesa imelala miezi minne, haijaguswa hata shilingi, na kwa ripoti inasoma kwamba kikundi "kimeshindwa kutumia fedha".

Kingine ninachokiogopa, na wenzangu hawapendi nikisema, ni hili neno mashinani, kwamba pesa iko kwa wenyewe. Wenyewe ni kina nani? Mara nyingi kikundi kinachotupata ni kile chenye kijana anayeandika Kiingereza kizuri, na wakati mwingine ni watu wa lugha moja tu, na mama wa Kiturkana aliyekuwa hapo kabla ya hema la kwanza anaitwa siku ya kupigwa picha. Kalobeyei ilipangwa tangu mwanzo iwe ya wakimbizi na wenyeji pamoja, lakini kukaa pamoja kwa ramani na kukaa pamoja kwa kamati si kitu kimoja. Sina jibu zuri hapo. Tunauliza nani hayupo kwa kikao, tunaandika, basi.

Mwaka 2016 huko Istanbul wafadhili wakubwa na mashirika yao walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya pesa za misaada iende kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Hiyo 2020 ikafika wakiwa mbali. Na hata inayofika inafika ya shughuli tu: unga ndiyo, cherehani ndiyo, lakini kodi ya ofisi na mtu wa kuandika hizo vocha hapana, halafu vocha zikiwa mbaya tunasema hawana uwezo. Uwezo unalipiwa jamani. Sisi mashirika ya katikati, yetu tunakata kwanza.

Nimalizie na hii ambayo bado iko mezani. Katikati ya 2025 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikosa pesa, mgao ukashuka mpaka asilimia 28 ya mgao kamili, halafu watu wakaanza kugawanywa kwa makundi, wengine wakabaki bila kitu. Kikundi kimoja cha ushonaji kilikuwa na shilingi 18,400 za nyuzi na vitambaa. Wakakaa, wakafungua kufuli tatu, wakanunua unga kwa nyumba kumi na moja. Kwa mkataba hiyo hairuhusiwi na mimi ndo niliandika hairuhusiwi, kwa kalamu yangu, na sijui kama nilifanya sawa. Wamerudisha zote, kidogo kidogo, wakishona sare za shule. Daftari lao lina majina ya hizo nyumba na alama ya kidole gumba kando ya kila jina. Nililipiga picha nikaituma na ripoti, mkaguzi akarudisha swali: risiti ya unga iko wapi?

Nimemjibu kwamba ushahidi ndo hizo alama za vidole, nimezikubali mimi, na nikaweka sahihi yangu chini. Hiyo ilikuwa Jumatatu, hajajibu bado.